Kupima kilichomo bila kufungua: MRI na kemia ya mwili ulio hai

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi pamoja na wahudumu wa afya ya jamii mjini Nkubu, Imenti Kusini. Tumeyachapa ili hata wasiokuwapo wayasome.

 

Sikuja kuzindua mashine, wala sina utepe wa kukata. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si udaktari wala fizikia. Kazi yangu ni kuchukua jambo lililoandikwa kwa lugha ya wataalamu na kulieleza kwa lugha tunayoongea sokoni. Leo nimechukua jambo moja gumu kidogo, kwa sababu maswali yanayohusiana nalo hayaishi. Mzazi anaandikiwa barua ya rufaa, anaambiwa mtoto apigwe MRI, naye anajiuliza: hii ni sawa na eksirei? Itamchoma mtoto? Mbona CT skani ilipigwa na bado wanataka nyingine? Na siku hizi, wachache wanarudi na karatasi iliyo na neno refu zaidi: spektroskopia. Hilo ndilo neno letu la leo.

Hebu kwanza twende kwenye kituo cha maziwa. Nyote mnaijua ile asubuhi: mitungi imepangwa, karani ana haraka, lori linangoja. Maziwa ya jirani yako na maziwa yako yote ni meupe. Ukiyapiga picha kwa simu, picha zitafanana. Lakini karani hapokei maziwa kwa kutazama rangi. Anatumbukiza laktomita ajue kama yameongezwa maji. Anachukua kiasi kidogo, anachanganya na spiriti, anaangalia kama yataganda, kwa sababu maziwa yaliyoanza kuchacha yana asidi ya laktiki. Macho yanamwonyesha mtungi umejaa, na kipimo kinamwambia kilichomo.

MRI ya kawaida ni picha. Inamwonyesha daktari umbo la ubongo, ini au uti wa mgongo, kwa usafi ambao eksirei haiwezi kufikia. Spektroskopia ndiyo laktomita. Hutumia mashine ile ile, lakini badala ya kuchora umbo, inauliza: katika kipande hiki cha ubongo, kuna kemikali gani, na kwa kiasi gani? Kemikali hizo, ambazo mwili huzitengeneza na kuzitumia ili uishi, wataalamu huziita metaboliti. Tofauti na karani wa maziwa, hapa hakuna anayechota. Hakuna sindano inayoingia kichwani wala kisu, na mtu yuko hai, amelala, pengine amesinzia.

Inawezekanaje? Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, na nguvu yake ni makumi ya maelfu ya mara kuliko usumaku wa dunia unaogeuza mshale wa dira. Mwili wetu umejaa maji, na kila chembe ya maji ina hidrojeni. Kiini cha hidrojeni, yaani protoni, hufanya kama kisumaku kidogo sana. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa na kukirushia mawimbi ya redio ya masafa yake hasa, kinayapokea, kisha kinayarudisha. Ndiyo, mawimbi ya redio, jamaa wa yale yanayowaletea Muuga FM jikoni. Redio ya FM huishia megahezi 108, na mashine ya MRI yenye nguvu ya tesla 3 husikiliza kwenye takriban megahezi 128, jirani kabisa. Ndiyo maana chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba pande zote: bila hivyo kelele za redio za nje zingeingia ndani ya picha.

Kwa hiyo kwa wanaouliza kuhusu kuchomwa: MRI haitumii mionzi ya eksirei wala ya CT. Hatari zake ni nyingine, nami nitazifikia.

Sasa, protoni iliyo ndani ya maji na protoni iliyo ndani ya kemikali nyingine hazijibu kwa masafa yale yale. Majirani wa kila protoni ndani ya kemikali huisogeza kidogo, sehemu chache tu kwa milioni, na kila kemikali ina mahali pake. Ukichora majibu yote kwenye karatasi unapata mstari wenye vilele, kama vile tunavyouona Mlima Kenya alfajiri isiyo na mawingu. Kilele kimoja ni cha kemikali iitwayo NAA, inayopatikana hasa ndani ya seli za neva. Kikishuka, seli hizo zimeumia au zimepungua. Kingine ni kreatini, inayohusika na akiba ya nguvu. Cha tatu ni kolini, ambayo hupanda pale seli zinapojenga na kubomoa ngozi zake kwa kasi, kama katika baadhi ya saratani. Na kuna laktati, ndugu wa ile asidi ya maziwa yaliyochacha. Ubongo wenye afya unayo kidogo sana. Ikionekana wazi, mara nyingi maana yake sehemu hiyo ilikosa oksijeni au haiwezi kuitumia ipasavyo.

Watu hudhani picha zilitangulia na kemia ikafuata. Ilikuwa kinyume. Felix Bloch na Edward Purcell waligundua jambo hili nchini Marekani mwaka 1946, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1952, na kwa miaka mingi lilikuwa chombo cha wanakemia na vichupa vyao. Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kutengeneza picha mwaka 1973. Mwaka uliofuata tu, huko Oxford, George Radda na wenzake walipima kemikali za fosforasi ndani ya msuli wa mguu wa panya. Yaani kemia ya tishu ilipimwa wakati picha za mwili wa binadamu bado hazijafika hospitalini.

Nitakaa kidogo kwenye hadithi moja, kwa sababu naona ndiyo inayotuhusu sisi kuliko nyingine zote. Inahusu mtoto anayezaliwa bila kulia.

Wahudumu wa afya mlio hapa mnamjua mtoto huyo. Uchungu umechukua muda mrefu, au kitovu kimebanwa, mtoto anatoka akiwa hana nguvu, hapumui. Muuguzi anamfuta, anamsugua mgongo, anamsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa. Baada ya dakika kadhaa anavuta pumzi, rangi inarudi, kila mtu chumbani anashusha pumzi pia. Halafu siku ya pili mtoto anaanza kutetemeka, anapata degedege, hanyonyi. Familia inauliza: si alikuwa amepona? Katika vijiji vyetu maswali ya namna hiyo yamewahi kuzaa lawama mbaya, kwamba kuna mtu alimtazama mtoto vibaya, au mama alikula kitu asichostahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa University College London waliingiza watoto wachanga wa namna hiyo ndani ya sumaku na kupima kemikali za fosforasi kwenye ubongo wao. Ripoti yao ya kwanza ilitoka mwaka 1983. Walichokiona katika miaka hiyo kilibadilisha utabibu wa watoto wachanga. Saa chache baada ya kusaidiwa kupumua, akiba ya nguvu ndani ya ubongo ilikuwa ya kawaida. Mtoto alikuwa kweli amerudi. Kisha, baadaye katika siku ya kwanza na zilizofuata, nguvu ile ikaanza kushuka tena, polepole, ingawa oksijeni na damu vilikuwa vinafika. Na kadiri ilivyoshuka, ndivyo madhara yalivyokuwa makubwa.

Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, familia ile haikuota: mtoto alikuwa amepata nafuu, na baadaye ugonjwa ukarudi kwa njia yake wenyewe, bila jicho la mtu. La pili, kati ya kuumia kwa kwanza na kushuka kwa pili kuna saa kadhaa ambazo daktari anaweza kufanya kitu. Bila kipimo hiki, saa zile zisingejulikana. Eksirei isingezionyesha. Picha ya kawaida katika saa hizo inaweza kuonekana karibu safi.

Kutokana na ufahamu huo, na majaribio kwa nguruwe wachanga, ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kumpoza mtoto kidogo, hadi nyuzi 33 au 34, kwa saa 72, akiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2009 lilihusisha watoto 325, na waliopozwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi bila ulemavu wa neva. Nchi tajiri zikaupokea utaratibu huo.

Je, tuuchukue ulivyo? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kanda yetu ilijaribu mapema: jaribio dogo la watoto 36 lilifanyika Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008. Kisha likaja jaribio kubwa la watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, lililochapishwa mwaka 2021. Huko kupoza hakukusaidia. Kati ya waliopozwa asilimia 42 walifariki. Kati ya wasiopozwa, asilimia 31. Dawa iliyookoa London ilidhuru Asia. Watafiti bado wanajadili sababu, ikiwemo kwamba huenda watoto wengi huko waliumia kwa njia tofauti, muda mrefu kabla ya kuzaliwa.

Kwa hiyo, mama, baba, nyanya: mtoto mchanga asipozwe nyumbani kwa namna yoyote. Hakuna kumwaga maji baridi, hakuna kumwacha uchi ili "aamke". Mtoto mchanga anahitaji joto, kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kama hapumui vizuri anahitaji mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Dakika hiyo inapatikana pale penye mhudumu aliyefunzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba akina mama 89 kati ya 100 nchini Kenya huzalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Sumaku ya mamilioni ya pesa haiwezi kuchukua mahali pa muuguzi aliye macho saa tisa za usiku.

Lakini kipimo chenyewe bado kina kazi. Swali linalomtesa mzazi baada ya wiki ile ya kwanza ni moja: mtoto wangu atatembea? Ataongea? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa watoto 223 katika hospitali za Uingereza na Marekani, ulipima NAA katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo thalamasi, mtoto akiwa na siku 4 hadi 14. Kiasi hicho kilitabiri hali ya mtoto karibu na umri wa miaka 2 kwa usahihi mkubwa kuliko picha peke yake. Fikiria maana yake kwa familia: kujua mapema nani aanzishiwe mazoezi ya viungo, badala ya kungoja hadi majirani waseme mtoto amechelewa kukaa.

Sasa mtaniuliza, kama ni kizuri hivyo, mbona hakifanywi kila mahali? Kwa sababu ni kipimo kigumu kukifanya vizuri, na kazi kubwa ya wataalamu kwa miaka 40 imekuwa kukiboresha. Nitajaribu kueleza ugumu huo kwa kutumia mlima wetu.

Ndani ya kilo moja ya ubongo kuna takriban milimoli 10 za NAA. Maji ni takriban milimoli 40,000. Mkichora ishara ya maji iwe ndefu kama Batian, mita 5,199 kutoka baharini, basi ishara ya NAA itakuwa na urefu wa mita 2 hivi, mwanaume mrefu amesimama chini ya mlima. Laktati ya ubongo wenye afya itakuwa kama mche wa maharagwe. Mtaalamu anatakiwa kuupima mche ule, na mlima uko pale pale. Njia inayotumika ni kurusha kwanza mawimbi yanayolenga maji peke yake na kuyanyamazisha, kisha haraka haraka kusikiliza kilichobaki.

Na kilichobaki ni kidogo mno. Hata ndani ya sumaku ya tesla 3, katika kila protoni milioni 1, zinazochangia ishara ni kama 10 tu. Nyingine zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kipande kinachopimwa lazima kiwe kikubwa, mara nyingi sentimita 2 kila upande, kama kipande cha nduma unachokitia mdomoni mara moja. Na ndiyo maana kipimo hurudiwa mara nyingi na majibu kujumlishwa. Hesabu yake haina huruma: ukitaka ishara iwe safi mara mbili, unahitaji muda mara nne. Dakika 5 zinakuwa 20. Nani kati yenu ana mtoto wa miaka 3 anayeweza kutulia dakika 20?

Kisha kuna ukungu. Mnajua kwamba Batian na Nelion ni vilele viwili vilivyokaribiana, na ukiwa mbali siku yenye ukungu unaona kimoja. Kreatini na kolini ni hivyo hivyo. Kwenye mashine ya tesla 3 zinatofautiana kwa takriban mizunguko 25 kwa sekunde, kati ya milioni 128. Usumaku usipokuwa sawa kabisa katika kipande kile chote, vilele vinatanuka na kuungana. Hewa iliyo puani na masikioni huvuruga usumaku. Jino la chuma huvuruga. Mgonjwa akigeuza kichwa, huvuruga. Zamani fundi alikaa akizungusha vitufe kama mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku. Siku hizi mashine hujisawazisha yenyewe kwa sehemu kubwa, na zipo njia za kufuatilia kichwa kinavyosogea na kurekebisha papo hapo. Kwangu mimi maboresho haya yasiyosifiwa magazetini yana faida kubwa kwa mgonjwa wa kawaida kuliko kuongeza ukubwa wa sumaku.

Shida ya tatu ni ya mizani. Kilele kirefu si kilo wala gramu. Ili kusema "hapa kuna milimoli 10" lazima ulinganishe na kitu unachokijua, na mara nyingi maji yenyewe ndiyo yanayotumika kama jiwe la mizani. Lakini ubongo wa mtoto mchanga una maji mengi kuliko wa mtu mzima, na uvimbe huongeza maji. Usiporekebisha hesabu, jibu litakuwa kombo. Wakulima mnaelewa hili: kahawa ile ile ikipimwa kwa mizani mbili zisizolingana, ugomvi umeanza. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakikaa pamoja kukubaliana namna moja ya kupima. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya vituo 24 vilivyopima watu 272 kwa utaratibu uliolinganishwa, wakitafuta kemikali moja ya ubongo iitwayo GABA, ili tu kuona majibu yanatofautiana kiasi gani kutoka mashine moja hadi nyingine. Na programu inayojulikana zaidi ya kutenganisha vilele hivi, iliyoelezwa na Stephen Provencher mwaka 1993 na kuuzwa kwa miaka mingi, sasa inapatikana bure. Hilo ni jambo dogo London. Kwa chuo kikuu cha Kenya ni jambo kubwa.

Kuna njia nyingine ya ajabu zaidi, ya kuongeza sauti ya kemikali yenyewe. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba kemikali ikitayarishwa kwenye baridi kali sana kabla ya kuyeyushwa, ishara yake huongezeka zaidi ya mara 10,000. Mwaka 2013 huko San Francisco wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume walidungwa kemikali iliyotayarishwa hivyo, na madaktari wakatazama uvimbe ukiigeuza kuwa laktati. Lakini nguvu ile hupotea ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo mtambo wa kuitayarisha lazima uwe karibu na chumba cha mgonjwa. Hii, kwa sasa, tuiache kwa wenyewe.

Tugeukie kwetu, Afrika. Mnaweza kudhani hadithi hizi zote ni za ng'ambo. Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI mwaka 2008, ya tesla 0.35 tu, ndogo kwa viwango vya leo. Kwa mashine hiyo waliwapima watoto wenye malaria ya ubongo, na mwaka 2015 wakachapisha jibu la swali lililosumbua miaka mingi: watoto hawa hufa kwa nini? Kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Kati ya 143 waliopona, ni 39. Mashine ya nguvu ndogo, mahali penye wagonjwa na madaktari makini, ilitoa jibu ambalo mashine kubwa zisizo na wagonjwa hao hazikuwahi kulitoa.

Na majirani zetu Uganda wamefanya jambo linalonifurahisha zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, vipande vya mashine ndogo ya MRI vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi, pamoja na zana za kuviunganisha. Wakufunzi 4 na watu 6 wasio na mafunzo ya kazi hiyo walipanga sumaku ndogo ndogo pete moja baada ya nyingine, pete 23, wakafunga nyaya, wakajenga kitoroli cha kuibeba. Kutoka siku mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita takriban siku 11. Lengo lao kubwa ni watoto wenye maji kichwani, ugonjwa ambao hospitali ya CURE kule Mbale imeutibu kwa miaka mingi. Mashine hiyo haihitaji heliamu ya kimiminika, ile inayopoza sumaku kubwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri na ambayo huanza kuyeyuka na kupotea mfumo wa kuipoza ukizimika kwa muda mrefu. Sisi tunaoijua stima ya msimu wa mvua tunaelewa maana ya hilo.

Ila lazima niseme kitu kimoja wazi, kwa sababu nimesikia watu wakichanganya. Mashine ya Mbarara ni ya tesla 0.05. Kwa picha za maji kichwani inatosha. Kwa kemia ya ubongo tuliyoizungumza leo, haitoshi: nguvu ikipungua, ishara inapungua, na vilele vinakaribiana. Kreatini na kolini, zilizokuwa mizunguko 25 mbali, hazifiki hata mzunguko mmoja. Batian na Nelion zinakuwa kichuguu kimoja. Kwa hiyo kuna barabara mbili. Mashine nafuu za kuona umbo zinaweza kusambaa hadi hospitali ndogo. Kipimo cha kemia, kwa miaka inayoonekana, kitabaki kwenye hospitali chache zenye sumaku kubwa, na jambo la kudai kwa viongozi wenu ni barua ya rufaa inayofanya kazi, gari la wagonjwa linalofika, na mtaalamu upande wa pili anayejua kusoma vilele. Mashine bila mtaalamu ni samani ya bei ghali, nami nalisema hili nikiwa mfanyakazi wa serikali.

Kwa watu wazima, matumizi yake ya kawaida ni uvimbe ndani ya kichwa. Nchini kwetu uvimbe si lazima uwe saratani. TB nayo huweka vinundu ndani ya ubongo, na kwenye picha viwili hivi vinaweza kufanana. Kinundu cha TB mara nyingi hutoa kilele kikubwa cha mafuta. Saratani ya ubongo mara nyingi hupandisha kolini na kushusha NAA. Neno "mara nyingi" lina uzito wake: daktari hataanza matibabu mazito kwa mchoro peke yake, na wakati mwingine bado itabidi kipande kikatwe kipimwe maabara. Na kwa walio na kisukari, mjue kwamba kipimo hiki hiki ndicho kilichoonyesha mwaka 1990, huko Yale, kwamba misuli ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 huweka akiba ya sukari kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya watu wenye afya. Msuli ndiyo ghala la sukari. Daktari anayekuambia utembee hadi shambani badala ya kupanda boda boda hajakuonea.

Nimalizie na mambo ya safari, kwa mtu aliyeandikiwa MRI.

Sumaku ile kubwa haizimwi jioni. Iko kazini hata kama taa za chumba zimezimwa. Chuma kikiingia kinaruka kama jiwe la kombeo, kwa hiyo acheni nje simu, funguo, sarafu, kadi ya benki, pini za nywele, mshipi. Waambie kabla ya kuingia kama una kifaa cha moyo, chuma kilichowekwa mfupa ulipovunjika, au klipu ya upasuaji. Vijana wa jua kali mnaochomelea na kusaga vyuma, hili ni lenu hasa: kama cheche ya chuma imewahi kukuingia jichoni, sema, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Sema pia kama una mimba au ugonjwa wa figo, kwa sababu wakati mwingine hutumika dawa ya kung'arisha picha. Kelele ndani ni nyingi, kama mtu anagonga bati. Utapewa vizibo vya masikio. Mtoto mchanga mara nyingi hunyonyeshwa vizuri, akafungwa shuka, akalala usingizi wake mwenyewe. Na wapenzi wa miraa, nawaomba kwa heshima: si asubuhi hiyo. Mtu anayetakiwa kutulia kama gogo asije akiwa amechangamka.

Spektroskopia si sehemu ya kila MRI. Huombwa na daktari kwa swali maalumu na huongeza dakika kadhaa. Mkiona neno hilo kwenye barua, mwulizeni: unatafuta nini, na jibu litabadilisha nini katika matibabu? Hilo si swali la ukaidi. Mkitoka, chukueni CD yenye picha na muiweke kwenye bahasha moja na barua ya rufaa, mahali panya hawafiki. Mtoto akirudi kliniki baada ya miezi 6, daktari atataka kulinganisha.

Sasa maswali. Tuanze na mama aliye karibu na mlango, aliinua mkono tangu nilipotaja maziwa.